Maji ya Majivu na Taa ya Nyuma

Baba mdogo aligongwa akiwa amesimama, na hilo lilituuma nyumbani kuliko mkono wenyewe uliovunjika. Mtu anayeendesha baiskeli alfajiri na kasha la mikate nyuma anaweza kugongwa kwa sababu nyingi, lakini yeye alikuwa kando ya njia panda, mguu mmoja chini, akingoja lori lipite. Bodaboda iliyotokea nyuma yake haikumwona. Taa ya baiskeli yake ilikuwa ya dainamo, ile chupa ndogo ya chuma inayosuguana na tairi. Gurudumu likizunguka, taa inawaka, likisimama, inazimika. Kwa hiyo pale hasa alipohitaji kuonekana, baba mdogo alipotelea gizani na mikate yake.

Kijana wa bodaboda hakukimbia, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akarudi kuokota mikate ambayo haikukanyagwa, na jioni akaja kwetu Isevya na kilo ya sukari. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Baba mdogo ndiye aliyembembeleza.

“Kula, kijana. Kiza kile, hata mimi nisingejiona.”

Mama mdogo, mkewe, hakucheka. Alisubiri mgeni aondoke ndipo akatoa hukumu yake, akikusanya vikombe.

“Plasta ikitoka, baiskeli inauzwa.”

“Uza na mwenyewe,” akajibu baba mdogo. “Andika kwenye tangazo: mzee na baiskeli, vyote vimetumika.”

“Nani atakuchukua na mkono huo.”

Lakini hakuwa anatania. Namjua, akishasema jambo huku anakusanya vyombo, limekwisha. Na mzee naye nilimjua. Amebeba mikate kutoka bekari ya Isevya mpaka maduka ya Ipuli tangu kabla sijazaliwa. Wenye maduka humngoja yeye kwanza, mikate baadaye, kwa sababu ndiye anayewaletea habari za nani kaoa, nani kafiwa, na mvua imenyesha wapi. Wiki ya kwanza tu ya kukaa nyumbani alianza kupanga upya sufuria za mkewe kwa mkono mmoja. Wiki ya pili alinyamaza, na kunyamaza kwake kukanitia hofu. Alikuwa anakaa barazani akiitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ndipo nikasema, bila kufikiri, “Nitakutengenezea taa isiyozimika ukisimama.”

Nilisema mbele ya mama mdogo. Akanigeukia. “Ikiwaka nikaiona kwa macho yangu,” akasema, “nitanyamaza.”

Usiku ule nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Lazima nieleze mimi ni mtu wa namna gani. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikunipeleka popote, nikatoka kwa wazazi wangu Igalula nikaja kuishi kwa baba mdogo. Umeme nilijifunza kwenye simu, na kwa kukaa kwenye kibanda cha fundi redio mmoja karibu na soko, mtu mwenye subira ya ajabu. Sina cheti cha kazi hii. Anayejifundisha mwenyewe ana hofu yake ya peke yake: hajui ni kitu gani asichokijua. Ndiyo maana nakagua kila kitu mpaka nachosha watu. Waya ukipinda kidogo nafumua yote naanza upya. Nikiandika lebo na herufi moja ikalala, natupa karatasi. Watu hudhani ni bidii. Mara nyingi ni woga tu wa mtu anayesubiri kuumbuliwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini baba mdogo hakununua taa za betri za kubana kwenye kiti. Alinunua, zikaibiwa. Baiskeli yake hulala mlangoni mwa kila duka wakati yeye yumo ndani anahesabiwa mikate na kupiga soga, na taa ya kubana hubanduliwa kwa vidole viwili. Nilitaka kitu kinachojazwa na dainamo yenyewe, kilichofungwa kwa waya chini ya kasha, kibaya kiasi kwamba hakuna mwizi atakayekitamani.

Nilikuwa nimesoma habari za kapasita za mkaa. Fundi redio yeyote anaijua kapasita, kile kipipa kidogo kwenye ubao wa redio kinachoshika umeme kwa kitambo na kuuachia. Ile ya mkaa ni ndugu yake mkubwa. Unachukua mkaa wenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, unautengeneza safu mbili, katikati unaweka kitambaa, kisha unaulowesha kwa maji yaliyoyeyushwa chumvi fulani. Ukiupa umeme, chembe za chumvi ndani ya maji huingia kwenye vitundu na kujipanga ukutani, aina moja upande huu, nyingine upande ule. Ukiwasha taa, zinarudi zilikotoka. Hakuna kinachoungua wala kuliwa, kwa hiyo inajaa upesi na kutumika mara nyingi sana kabla ya kuchoka. Haishiki umeme mwingi kama betri, lakini mtu aliyesimama kungoja lori hahitaji mwingi.

Mkaa nilijua nitaupata wapi. Ulikuwa msimu wa maembe, na mama alinitumia gunia kwa treni kutoka Igalula. Huku kwetu miembe imefuata njia ya zamani ya misafara, na watu husema iliota kwa kokwa walizotupa wapagazi wakila huku wanatembea. Sijui kama ni kweli. Tulikula maembe mpaka midomo ikawasha, nikakusanya kokwa, nikazikausha juu ya bati, nikazichoma ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa. Mkaa wake nikautwanga, nikauloweka maji ili mvuke uuongezee vitundu, nikauchoma tena kwenye kopo lililozibwa kwa udongo, makaa yakipulizwa mpaka kopo likawa jekundu. Kisha nikauosha, nikauosha, nikauosha. Mama mdogo alipita akaniona.

“Mkaa unaoga kuliko wewe.”

Nyavu za kushikia mkaa nilizikata kwenye machujio ya chai, yale ya chuma kinachong’aa. Kitambaa cha katikati kilikuwa kipande cha kile cha kuchujia tui. Kingo nikaziziba kwa nta ya nyuki, ambayo Tabora haikosekani.

Tatizo langu kubwa likawa maji.

Maji ndiyo roho ya kitu hiki, na ndiyo yanayokiwekea mpaka. Nilijifunza kwa aibu, mezani kwa fundi redio. Nilikuwa nimeleta kapasita ya kwanza, ya maji ya chumvi ya kawaida, nikaiunganisha na umeme mwingi kuliko inavyostahimili kwa sababu nilitaka kumwonyesha jinsi inavyojaa haraka. Maji hayavumilii kusukumwa zaidi ya volti moja na kitu. Ukiyasukuma, yanachanika na kugeuka hewa. Vilianza viputo, ikavimba kama andazi, halafu ikatema maji meusi juu ya redio ya mteja.

Nilitaka ardhi inimeze. Fundi alichukua kitambaa akafuta polepole.

“Injinia,” akasema, “redio hii ilikuwa imekufa. Sasa imekufa na imezikwa.”

Hakuniambia nisirudi. Alinikatia diodi, vile vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kutoka kwenye mbao za redio mbovu, akanionyesha jinsi ya kuzipanga ili umeme wa dainamo ukizidi umwagike pembeni, na akanishauri nipange kapasita tatu kwa mstari ili zigawane mzigo. Hakunidai chochote. Nikimkumbuka na kile kitambaa mkononi, naona nimepewa shule ambayo watu wengine huilipia.

Maji ya chumvi niliyaacha, kwa sababu baada ya siku chache nyavu zilipata kutu na maji yakawa rangi ya chai. Tindikali ya betri ya gari ingefaa, wengi huitumia, lakini mama mdogo alisema tindikali haiingii kwenye nyumba ambamo wajukuu wake wanatambaa, na nikaona ana haki. Nikazidi kusoma. Nikakuta kwamba wengine hutumia maji ya potashi, ambayo yana tabia ya kukilinda chuma badala ya kukila. Na potashi, nikagundua huku nimekaa jikoni na simu mkononi, ilikuwa imesimama mbele yangu kwenye chupa, karibu na mafuta ya kupikia.

Mama mdogo huyachuja maji ya majivu kama mama yake alivyoyachuja. Majivu ya maganda ya maharage huyaweka kwenye chungu kilichotobolewa chini, anamimina maji juu, na yanayodondoka, ya njano hafifu na utelezi kidogo, anayatia kwenye mlenda na kisamvu ili vilainike. Potashi ya majivu ni ndugu mpole wa ile ya maabara. Nilimwomba chupa moja.

“Unapika nini?”

“Taa.”

“Haya. Usinimalizie tu.”

Ile jioni kapasita ya maji ya majivu ilipowasha ile taa ndogo nyekundu ya nyuma kwa mara ya kwanza, baba mdogo alipiga goti lake kwa mkono mzima na kusema alhamdulillahi. Nilijiona mkubwa. Baada ya siku kadhaa nikaifungua kuikagua, kwa sababu siwezi kuacha kukagua, nikakuta madoa ya kutu kwenye wavu wa upande mmoja. Nikatengeneza nyingine. Ikaota kutu. Nikalaumu machujio, nikanunua ya duka jingine. Nikalaumu mkaa, nikauosha upya kwa yale maji safi wanayoongeza kwenye betri za magari, niliyoyafuata mpaka gereji ya Ipuli. Nikalaumu nta. Nikalaumu jasho la vidole vyangu, nikaanza kuvaa mifuko ya plastiki mikononi. Nilichemsha maji ya majivu, nikayaacha yatulie, nikayachuja kwa pamba, yakawa maangavu kama machozi. Kutu ikarudi.

Wakati huohuo plasta ilikuwa inakaribia kutoka. Mtu mmoja alikuja kuitazama baiskeli. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akasema atarudi. Baba mdogo alimjibu salamu vizuri tu, kisha akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa mzima. Nilikaa uani nikiwa na kopo langu na nikajua kwamba nikishindwa, nitakuwa nimempa matumaini ambayo bora asingepewa.

Siku hiyo nilikwenda jikoni kukaa na mama mdogo, si kwa sababu ya kazi, nilitaka tu kuwa karibu na mtu. Alikuwa anapika mlenda. Mlenda hamwachii mtu. Mimi husonga ugali na kuosha vyombo. Akamimina maji ya majivu kutoka kwenye chupa, akakoroga, akaonja kwenye kiganja, akafunika.

“Mama, hujatia chumvi.”

“Imo.”

“Sijakuona ukitia.”

“Imo humo kwenye chupa.”

Sikuelewa. Akaniinulia chupa kama anamwonyesha mtoto. “Nikishachuja natia chumvi humohumo, ya Uvinza, natikisa. Zamani nilikuwa nasahau. Siku moja nimewapikia wageni wa baba yako mdogo mboga chapwa, wakala kimya kama wako msibani. Tangu hapo chumvi inakaa na maji yake.”

Nilishika kichwa. Chumvi ileile niliyoikimbia ilikuwa imenifuata ndani ya chupa. Niliosha mkaa, nikabadili nyavu, nikavaa mifuko mikononi, na kumbe kila mara nilikuwa natia kutu kwa mkono wangu mwenyewe.

“Si ungeonja?” akauliza.

“Nimesoma kwamba kemikali haionjwi.”

“Kemikali.” Akaifunua sufuria akaichungulia. “Basi kemikali unaila kila siku na ugali unaongeza.”

Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, halafu nikalia kidogo, na yeye hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua. Kwa majuma yote yale nilikuwa nakula naye sahani moja, na sikuwahi kumuuliza yale maji anayatengenezaje. Niliogopa kuuliza swali la kijinga. Watu wa kwenye simu niliwauliza kila kitu, kwa kuwa hawanioni.

Asubuhi iliyofuata aliniwekea chungu kipya cha majivu, akamwagia maji, akaweka bakuli chini. Kwenye chupa akafunga uzi mwekundu ili asije akaisahau na kuitia chumvi. Nilijua kwamba majivu yenyewe hayakosi chumvi yake kidogo, na hilo lilinikosesha raha, lakini nyavu mpya zilikaa ndani ya maji hayo siku baada ya siku zikang’aa vilevile. Nikatengeneza kapasita tatu, nikazipanga kwa mstari ndani ya kopo la siagi, nikamwaga nta juu.

Plasta ikatoka. Mkono ulikuwa mwembamba na mweupe kwa vumbi la plasta, lakini vidole vyote vilikunjika. Nikaomba nipewe juma moja zaidi.

“La nini?” akauliza baba mdogo.

Nikamweleza kwamba kapasita ya katikati inapoteza umeme wake upesi kuliko wenzake. Ukiijaza asubuhi, ikifika mchana haina kitu. Nilitaka kuifumua.

“Mimi mchana nakuwa wapi?”

“Nyumbani.”

“Na pale njia panda nasimama kwa muda gani?”

“Mpaka lori lipite.”

“Mwanangu, lori linapita wakati nameza mate. Wewe unanitengenezea taa ya kulala nayo.” Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili mkewe asisikie, “Yule mtu wa kutazama baiskeli amesema anakuja kesho kutwa.”

Sikulala vizuri, lakini nilifunga kopo lile chini ya kasha kwa waya, taa nyekundu ikichungulia kwenye tundu nililotoboa kwa msumari.

Alfajiri baada ya swala, mama mdogo alijifunika kanga mbili, akaniambia twende. Tulitangulia kwa miguu mpaka njia panda, tukasimama upande wa duka lililofungwa. Baridi ilikuwa kali. Kichwani nilikuwa napitia kila kiungo cha waya. Tukaiona taa ya mbele kwanza, ikitetemeka, kisha tukasikia mnyororo wake, kisha harufu ya mkate ikatufikia kabla yake. Alikuja mpaka ukingoni mwa barabara akasimama, mguu mmoja chini.

Taa ya mbele ikazimika. Ile ya nyuma ikabaki.

Ilikuwa ndogo. Kwenye kiza kile ilionekana kama kaa la mtu anayevuta sigara, na nikaiona inaanza kupungua, polepole, kwa jinsi nilivyojua kwamba itapungua, na mdomo wangu ukafunguka nieleze kwamba naweza kuirekebisha. Baba mdogo hakuweza kuiona. Ilikuwa nyuma yake. Alikuwa ametazama mbele, shingo imekakamaa, mkono uliopona umeshika breki.

“Inawaka?” akauliza, bila kugeuka.

Bodaboda ilikuwa inakuja nyuma yake. Mama mdogo alinishika mkono juu ya kiwiko, akabana. Pikipiki ilikuja kwa kasi yao ileile, kisha sauti ya injini ikashuka, taa yake ikapinda, na yule mpanda pikipiki akamzunguka baba mdogo kwa upana, kama mtu anavyomzunguka ng’ombe aliyelala barabarani, akaenda zake. Wala hakutazama nyuma. Kwake halikuwa jambo.

Ile nyekundu ilikuwa bado iko pale, hafifu kabisa.

“Nauliza, inawaka?”

“Inawaka,” nikasema, na nikaishia hapo.

Mama mdogo aliniachia mkono. Akavuka barabara mpaka kwake, akalitazama lile kopo la siagi na nta yake iliyochuruzika, akaligusa kwa kidole kuona kama limekaza. Akakaza upindo wa nguo iliyofunika kasha.

“Nenda, bwana,” akamwambia. “Mikate inapoa.”